Chanjo za safari: anza na kalenda

"Sista, inauma?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye meza ya chanjo za wasafiri. Inauma kidogo. Swali ninalolisubiri, na ambalo ni wachache wanaokuja nalo, ni hili: zimebaki siku ngapi? Sindano yenyewe ni ya sekunde chache, ila mwili hauanzi kulindwa hapo hapo. Unahitaji siku kadhaa, na kwa chanjo nyingine wiki, ili ujijengee kinga. Anayeondoka kesho nitamchanja, lakini yako mambo ambayo siwezi kumfanyia tena hata anibembeleze vipi.

Kwa hiyo kabla hujauliza chanjo zipi, chukua kalenda. Weka alama kwenye siku ya kuondoka, kisha rudi nyuma wiki 6 hadi 8. Hapo ndipo pa kufika kliniki kwa mara ya kwanza. Hutachomwa sindano kila wiki, usiogope. Ni kwamba baadhi ya chanjo zina dozi zaidi ya moja, na dozi hizo zinataka kupishana.

Mimi huhesabu hivi. Chanjo ya homa ya manjano ni dozi moja, lakini cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Sindano ya homa ya matumbo, yaani taifodi, ichomwe angalau wiki 2 kabla ya safari, na kinga yake hudumu miaka 2 hadi 3 tu, hivyo ile uliyochomwa zama zile isikupe moyo. Homa ya ini A ina dozi ya kwanza kabla ya kuondoka na ya pili miezi 6 hadi 12 baadaye. Homa ya ini B kwa kawaida ni dozi 3: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa 6. Aliyebanwa na muda kuna ratiba ya haraka ya siku ya 0, ya 7 na ya 21, kisha dozi ya kukazia baada ya mwaka. Kichaa cha mbwa, kwa wanaokwenda kukaa mbali na hospitali kubwa au kufanya kazi na wanyama, Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linakubali dozi 2, siku ya 0 na ya 7.

Kuna kanuni nyingine inayovuruga hesabu za watu. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama homa ya manjano, surua na tetekuwanga, ama zichomwe siku moja ama zipishane kwa wiki 4. Ukichomwa moja wiki hii na nyingine wiki ijayo, ile ya pili inaweza isishike vizuri. Ndiyo maana nikikuuliza kama mwezi huu umechanjwa kitu chochote mahali pengine, nataka jibu la kweli.

Na kama zimebaki siku 5? Njoo hivyo hivyo. Dozi ya homa ya ini A bado ina faida, kinga ya pepopunda inaweza kuongezewa nguvu, na dawa za kuzuia malaria tutapanga. Usikae nyumbani kwa kuona aibu kuwa umechelewa.

Njoo na safari yako yote

Watu huniambia nchi wanayokwenda, basi. Mimi nataka njia nzima, na kila kiwanja utakachoshuka. Nchi nyingi zinazodai cheti cha homa ya manjano hazikidai kwa sababu zenyewe zina ugonjwa huo. Zinakidai kwa yeyote anayetoka au aliyepitia nchi yenye ugonjwa huo. Nyingi huhesabu kupitia pale msafiri anapokaa kiwanjani zaidi ya saa 12, na nyingine hazijali ni saa ngapi. Mtu anaweza kutoka sehemu isiyo na homa ya manjano, kwenda sehemu isiyo nayo, na bado akadaiwa cheti kwa sababu tiketi ya bei nafuu ilimlaza usiku mmoja katikati. Kwa hiyo nionyeshe tiketi, au angalau picha yake kwenye simu.

Njoo pia na pasipoti, kadi zako za chanjo za zamani hata kama zimechakaa, na dawa zote unazotumia. Zile dawa zibebe zenyewe. Maelezo ya "kidonge cheupe cha presha" hayanisaidii.

Halafu niambie utafanya nini huko. Mkutano wa siku 3 katika hoteli ya jijini si sawa na miezi 6 kijijini. Mwanafunzi anayekwenda kulala bwenini namfikiria homa ya uti wa mgongo. Anayekwenda Hija au Umra hana hiari: Saudi Arabia inataka cheti cha chanjo ya uti wa mgongo ya aina nne, A, C, W na Y, iliyochomwa siku zisizopungua 10 kabla ya kufika. Na hapo ziko chanjo mbili, moja cheti chake hukubaliwa kwa miaka 3 na nyingine miaka 5, hivyo hakikisha aina imeandikwa kwenye kadi. Masharti ya Hija hutangazwa upya kila msimu na Wizara ya Afya ya huko. Yasome ya mwaka wako, usitegemee ya jirani aliyekwenda mwaka juzi.

Msafiri anayetoka katika nchi ambako virusi vya polio bado vinazunguka, au aliyekaa huko zaidi ya wiki 4, anaweza kutakiwa dozi ya polio iliyotolewa kati ya wiki 4 na miezi 12 kabla ya kuondoka. Hii huwashangaza watu wazima. "Polio si ya watoto?" Wanaipata, na inaandikwa kwenye kadi ya njano, ile ile ya cheti cha homa ya manjano.

Ukiniuliza ni chanjo gani inayosahauliwa kuliko zote, nitakwambia surua. Hakuna ofisa atakayekuuliza mpakani, na hivyo ndivyo inavyopita. Surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kubwa kabisa, na inapatikana hata kwenye nchi tajiri ambako watu hudhani iliisha. Mtu mzima anatakiwa awe na dozi 2 zilizothibitishwa au awe aliwahi kuugua. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayekwenda sehemu yenye surua anaweza kupewa dozi ya mapema, ila hiyo haihesabiwi. Zile 2 za kawaida atazipata wakati wake.

Kadi ya njano

Hapa naomba utulie, maana vurugu nyingi za viwanjani zinaanzia kwenye kikadi hiki.

Kwanza chanjo yenyewe. Homa ya manjano huja kwenye kichupa chenye unga mkavu, na mara nyingi kichupa kimoja ni cha watu 10. Naongeza maji yake maalumu, nakizungusha polepole bila kukitikisa kwa nguvu, unga unayeyuka. Kuanzia dakika hiyo nina saa 6. Kitakachobaki baada ya hapo kinatupwa. Ndiyo sababu vituo vingi vina siku zake za chanjo hii na vinapenda watu wakusanyike, wala si ukorofi wa wauguzi. Piga simu kwanza, uliza siku na saa, kisha uwahi. Uliza pia kama kituo kimeidhinishwa na serikali kutoa cheti cha kimataifa, kwa sababu si kila hospitali inayo ruhusa hiyo.

Chanjo hii ni kongwe. Ilitengenezwa miaka ya 1930, na Max Theiler alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa kazi hiyo. Dozi moja inatosha maisha. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kanuni za kimataifa za afya zinasema cheti chake nacho ni cha maisha, hata kile kilichoandikwa zamani kuwa kitaisha baada ya miaka 10. Mwenye kadi ya zamani asichukue kalamu akarekebisha tarehe mwenyewe. Kanuni ziko wazi: kadi iliyofutwa, iliyokatwa au iliyoachwa na nafasi tupu inaweza kukataliwa. Ukiwa na wasiwasi, irudishe kituoni.

Ukipewa kadi, usiondoke mezani kabla hujaisoma. Jina liwe lile lile la pasipoti, na mpangilio wake uwe ule ule. Tarehe ya kuzaliwa, jinsia, uraia, namba ya pasipoti. Tarehe ya chanjo huandikwa siku, mwezi kwa herufi, kisha mwaka, kwa sababu 04/05 hapa ni mwezi wa tano na kwingine ni wa nne. Pawepo jina la kiwanda na namba ya toleo la chanjo. Mara nyingi hunakiliwa kutoka kwenye kichupa au hubandikwa kama kistika. Pawepo muhuri wa kituo. Na pawepo saini ya mkono ya mhudumu aliyehusika. Muhuri haufuti haja ya saini. Kadi ijazwe kwa Kiingereza au Kifaransa. Lugha ya tatu inaruhusiwa kuongezwa, lakini peke yake haitoshi. Wewe mwenyewe pia una mahali pa kutia saini, na mtoto asiyejua kuandika husainiwa na mzazi. Kila mtu ana kadi yake. Mtoto hajazwi kwenye kadi ya mama.

Nimewahi kumwona kijana amerudishwa kutoka kiwanjani kwa sababu kituo alikochanjiwa hakikumwandikia namba ya toleo. Alikuwa amechanjwa kweli. Ofisa hawezi kusoma damu, anasoma kadi.

Ukishaihakiki, ipige picha pande zote mbili, uitume mahali utakapoipata hata simu ikiibiwa. Kadi halisi ikae pamoja na pasipoti, si kwenye begi linalopelekwa chini ya ndege. Kuhusu kadi za kununuliwa bila kuchomwa sindano: homa ya manjano haina dawa ya kuiua, hospitali inakusaidia tu mwili upambane. Uamuzi ni wako.

Nani asichomwe

Hapa ndipo ninapofunga mlango na kupunguza sauti. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, kwa hiyo kuna watu haiwafai. Watoto chini ya miezi 6 hawachanjwi kabisa, na kwa kawaida tunasubiri wafike miezi 9. Mwenye mzio mkali wa mayai. Aliye kwenye dawa za saratani, au dawa nyingine zinazoshusha kinga ya mwili. Mwenye ugonjwa wa thaimasi, tezi ya kifuani inayohusika na kinga ya mwili. Waliofika miaka 60 na kuendelea, ambao hawajawahi kuipata, na wajawazito na wanaonyonyesha watoto wachanga, tunakaa na daktari tupime hatari mbili, ya safari na ya chanjo.

Mwenye VVU anayetumia dawa vizuri na ambaye kinga yake iko juu mara nyingi anaweza kuchanjwa, ila daktari aone vipimo kwanza. Usinifiche. Sitaandika hali yako kwenye kadi ya njano, haina hata mahali pa kuiandika.

Ambaye haifai atapewa barua ya daktari ya kusamehewa, yenye saini na muhuri. Barua hiyo inaheshimiwa na nchi nyingi, lakini ubalozi uulizwe mapema, na mwenyewe uamue kama safari ya kwenda penye ugonjwa huo bila kinga ina ulazima.

Baada ya sindano kaa dakika 15 mpaka 30 kwenye benchi. Wanaume wenye miraba minne ndio wanaonizimia zaidi, sijui kwa nini. Siku chache zinazofuata unaweza kuumwa kichwa, misuli na kuwa na homa kidogo. Homa kali, mwili kuwa wa njano, kuchanganyikiwa au kupumua kwa shida, hayo ni ya kukimbilia hospitali.

Kama unatakiwa kipimo cha kifua kikuu cha kwenye ngozi kwa ajili ya viza, mtajie anayekupima chanjo ulizopata. Chanjo ya virusi hai inaweza kukidanganya kipimo hicho. Kifanyike siku hiyo hiyo ya chanjo au usubiri wiki 4.

Malaria haina kadi

Wanaonitia wasiwasi zaidi si wageni wa malaria. Ni waliokulia nayo, wakahamia kuishi mahali isipokuwepo, na sasa wanarudi kusalimia. "Sista, malaria mimi naijua, nimeugua tangu mtoto." Ile kinga ya kuugua mara kwa mara hupungua ukikaa mbali nayo, na watoto uliowazalia huko hawana kabisa. Wote mnahitaji dawa za kuzuia.

Dawa zenyewe zina ratiba zinazotofautiana. Atovakwoni na proguanili: anza siku 1 au 2 kabla, kila siku ukiwa huko, endelea siku 7 baada ya kutoka. Doksisaiklini: anza vivyo hivyo, lakini endelea wiki 4 baada ya kutoka, wajawazito na watoto wadogo hawapewi, na jua linaweza kukuunguza ngozi haraka kuliko kawaida. Meflokwini ni kidonge cha kila wiki, kinaanza wiki 2 hadi 3 kabla, na kinaendelea wiki 4 baada. Aliyewahi kuugua sonona au kifafa asikiguse. Wengi huacha vidonge wakishapanda ndege ya kurudi. Hizo siku za mwisho ndizo zinazomaliza vimelea vilivyojificha, zimalize.

Hakuna kidonge kinachozuia kila kitu, kwa hiyo chandarua chenye dawa, nguo za mikono mirefu jioni, na dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu, yenye DEET ya asilimia 20 hadi 50. Ukipaka na mafuta ya kukinga jua, yatangulie hayo, ya mbu yafuate juu. Mbu wa dengi huuma mchana, naye hatujampatia kidonge.

Dawa zako za kila siku

Mwenye kisukari, presha, pumu, kifafa au seli mundu ana maandalizi yake, na hayana uhusiano na sindano. Dawa za safari nzima pamoja na za ziada za wiki moja zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya paketi zake zenye jina lako. Daktari akuandikie barua yenye jina la kitaalamu la kila dawa, kwa sababu majina ya madukani hubadilika ukivuka mpaka. Insulini isiwekwe kwenye mizigo ya chini, inaweza kuganda, na iliyoganda haifanyi kazi hata ikiyeyuka. Ukivuka saa nyingi za dunia, uliza mapema utachoma saa ngapi.

Na uulize kama dawa yako inaruhusiwa kule. Kodeini na tramadoli, ambazo kwingine mtu anaandikiwa bila shida, katika Umoja wa Falme za Kiarabu zinadhibitiwa na zinahitaji kibali. Japani haikubali kabisa baadhi ya dawa zenye amfetamini, hata uwe na barua ya daktari. Tovuti ya ubalozi au wizara ya afya ya nchi hiyo itakueleza.

Mwenye seli mundu amwone daktari wake kabla ya kukata tiketi: hewa ya ndani ya ndege ni kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400. Mjamzito aulize shirika la ndege. Mengi hudai barua kuanzia wiki ya 28, na kwa mimba ya mtoto mmoja husimamisha kwenye wiki ya 36. Safari ya zaidi ya saa 4, simama, tembea, chezesha miguu, damu isigande kwenye mishipa. Jino linalouma ling'olewe au lizibwe kabla. Bima isomwe kama inalipa kusafirishwa kwa ndege ukiugua, na ugonjwa ulionao uutaje, la sivyo watakataa kulipa.

Mfuko mdogo wa tiba beba: kipima joto, paracetamol, plasta, kondomu, na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Zikikuishia, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta juu.

Ukiumwa na mbwa, paka, popo au nyani, hata kwa mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili ukiangalia saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Uliyechanjwa kabla bado utaongezewa dozi, ila hutahitaji ile dawa ya kingamwili ambayo sehemu nyingi haipatikani.

Ukirudi

Homa yoyote ndani ya miezi ya kwanza baada ya kutoka penye malaria, nenda upimwe siku hiyo, na neno la kwanza umwambie daktari ni kwamba umetoka safari, na wapi. Asipouliza, mwambie.

Usichangie damu mpaka wiki 4 zipite tangu chanjo ya virusi hai. Na dozi ya pili ya homa ya ini A ipo inakusubiri. Wengi huja wameinamisha kichwa, mwaka umepita, wakidhani tutaanza upya. Hatuanzi upya. Njoo na kadi, tunaendelea pale tulipoishia.